Njia za Ndege Juu ya Barafu: Kazi Isiyokwisha ya Viwanja vya Kaskazini mwa Kanada

Nunavut ni eneo la kaskazini kabisa ya nchi ya Kanada. Ukubwa wake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania nzima, lakini wakazi wake ni takriban 40,000 tu, wengi wao Wainuiti, nao wametawanyika katika miji na vijiji 25. Hakuna barabara inayotoka kijiji kimoja kwenda kingine, wala hakuna inayoelekea kusini iliko miji mikubwa ya nchi hiyo. Meli huingia majira ya kiangazi tu, baada ya bahari kuyeyuka, na ifikapo mwishoni mwa Oktoba huwa zimekwisha kuondoka. Kwa miezi yote iliyosalia njia ni moja, nayo ni ndege.

Kwa hiyo ndugu msomaji anaposikia habari za kiwanja cha ndege katika nchi hizo, asidhani tunazungumzia safari za starehe. Maziwa ya mtoto huja kwa ndege. Dawa, barua, mwalimu mpya, fundi wa jenereta, na hata maiti anayerudishwa kwao kuzikwa, wote hupita katika ukanda ule mmoja wa ardhi iliyosawazishwa. Vijiji vingi havina hospitali ya kuzalisha, hivyo mama mjamzito husafirishwa wiki kadhaa kabla ya siku zake, akaenda kungojea uchungu katika mji mwingine, mara nyingi akiwa ameacha watoto wengine nyumbani. Mtu akishikwa na kidole tumbo usiku wa manane, gari lake la wagonjwa lina mabawa. Ikiwa njia ya kutulia imebonyea, au imegeuka tope, au taa zake zimezimika, ndege haitui, na mgonjwa hana pengine pa kupelekwa.

Nimeona tuizungumze kazi ya kuzitunza njia hizo kwa sababu ni katika kazi ambazo zikifanywa vizuri hakuna anayeziona. Ni kazi ya greda, kokoto, lami na subira, na ndani yake mna elimu ambayo wengi wetu tunaoishi katika nchi za joto hatujapata kuifikiria.

Zilivyoanza

Nyingi ya njia hizi hazikujengwa kwa ajili ya wenyeji. Kiwanja cha Iqaluit, ambao leo ni mji mkuu wa Nunavut, kilianzishwa na jeshi la Marekani mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwe kituo cha ndege zinazovuka kwenda Ulaya. Mahali hapo pakiitwa Frobisher Bay hadi mwaka 1987. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mstari wa vituo vya rada kutoka Alaska hadi upande wa mashariki wa Kanada, ili kuchungulia ndege za Urusi ya wakati ule, na vituo hivyo navyo vikahitaji njia za ndege. Vita vilipokwisha na hofu ilipopungua, njia zilibaki, na watu wakajenga maisha yao kando yake. Mjenzi wa wakati wa vita hutazama mwaka ujao, hatazami miaka 80, na sehemu ya taabu ya leo imetokana na hilo.

Changarawe

Kwa miaka mingi, katika viwanja vyote vya Nunavut ni viwili tu vilivyokuwa na lami, Iqaluit na Rankin Inlet. Vilivyobaki ni vya changarawe. Mtu anaweza kusema changarawe ni umaskini. Si lazima iwe hivyo. Katika ardhi inayopanda na kushuka kila mwaka, changarawe ina fadhila kubwa moja: ikibonyea, greda hupita, kifusi huongezwa, hushindiliwa, na mambo yakaendelea. Lami ikibonyea hupasuka, na ufa wa lami hauzibwi kwa greda.

Lakini changarawe ya kutulia ndege si ile inayomwagwa barabarani ikasahauliwa. Jiwe lapaswa kuwa gumu na lenye pembe, lililovunjwa kwa mtambo, kwa maana kokoto za mtoni zilizo mviringo huteleza zenyewe kwa zenyewe wala hazishikani. Ukubwa wake hupimwa, na lazima pawepo unga wa kutosha katikati ya mawe ili kuyagandisha. Unga ukizidi, mvua inageuza kila kitu uji. Ukipungua, mawe yanabaki huru, na jiwe huru likinyanyuliwa na gurudumu au upepo wa injini hupiga panga za ndege na tumbo lake. Kila ndege inaporuka hupeperusha sehemu ya unga huo, na ndiyo maana baadhi ya viwanja hunyunyiziwa chumvi ya kalsiamu au dawa nyingine za kushika vumbi. Hata hivyo kila baada ya miaka kadhaa ni lazima kifusi kipya kivunjwe na kutandazwa. Mahali pasipo na mtambo wa kuvunja mawe, mtambo wenyewe huletwa kwa meli ya kiangazi, na meli ikikosa nafasi, kazi yote inangoja mwaka mzima.

La ajabu ni kwamba njia ya changarawe huwa imara zaidi katikati ya baridi kali. Maji yaliyomo ndani yake huganda, nayo ikawa ngumu kama zege. Wakati wa hatari ni ule wa kuyeyuka, theluji inapoanza kwisha na tabaka la juu kulainika huku chini bado kumeganda, hivyo maji hayana pa kwenda. Siku hizo msimamizi wa kiwanja hukagua kwa miguu na kwa gari, na pengine hulazimika kuzuia ndege nzito zisitue hadi ardhi ikauke.

Kuna ndege zilizozoea mazingira hayo. Zile tunazoziita pangaboi, za aina ya Dash 8 na ATR ambazo msafiri wa Tanzania anazifahamu vizuri, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya safari za huko pia. Kwa upande wa jeti, mkongwe ni Boeing 737-200. Ndege hii ilifungiwa ngao kwenye gurudumu la mbele ili mawe yasiruke kuelekea tumboni, na mbele ya kila injini kukawekwa mrija mdogo unaopuliza hewa chini kuvunja kile kizunguzungu cha upepo ambacho kingefyonza kokoto. Uundaji wake ulikoma mwaka 1988. Jeti za siku hizi zina injini pana zinazoning'inia karibu na ardhi, na watengenezaji wake hawaziruhusu kutua juu ya changarawe. Basi kadiri wakongwe hao wanavyostaafu, kila kijiji kilichozoea jeti kinakabiliwa na chaguo: kiwekewe lami, au kirudi kwenye pangaboi peke yake, na gharama ya mizigo, yaani ya unga na maziwa, ipande juu zaidi ya ilivyo.

Lami juu ya ardhi iliyoganda

Hapa ndipo penye mkasa wenyewe. Sehemu kubwa ya kaskazini imekaa juu ya ardhi iliyoganda daima. Wataalamu huiita hivyo ardhi yoyote inayobaki chini ya nyuzi sifuri kwa muda usiopungua miaka miwili mfululizo, na mahali pengine imeganda tangu zama zisizokumbukwa. Tabaka la juu tu ndilo huyeyuka kiangazi, kisha likaganda tena. Ndani ya ardhi hiyo mna barafu tupu, nyingine ikiwa katika umbo la kabari, pana juu na nyembamba chini, zilizojengeka kidogo kidogo katika nyufa kwa maelfu ya miaka. Madhali baridi inadumu, ardhi hiyo hubeba mzigo kama mwamba. Barafu ikiyeyuka, panabaki shimo na maji.

Sasa tandaza lami juu yake. Lami ni nyeusi, na kaskazini ya mbali jua la kiangazi haliondoki kwa wiki nyingi. Lami hunywa joto usiku na mchana na kulishusha chini. Wakati wa baridi theluji inayosombwa na upepo hulala kwenye kingo za tuta, na theluji, kinyume cha tunavyodhani, ni blanketi, kwani huizuia ardhi isipoe. Hivyo katikati hupata joto la ziada kiangazi, na pembeni hunyimwa baridi ya kipupwe. Matokeo yake ni kingo kuporomoka, mabonde, na mawimbi katika njia iliyopaswa kunyooka kama kamba iliyovutwa. Ongeza juu ya hayo kwamba eneo la Aktiki linapata joto kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingine za dunia.

Baridi nayo ina dhara lake. Lami ikipoa sana husinyaa, na ikishindwa kusinyaa zaidi hupasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Maji huingia katika ufa, huganda, hutanuka na kuupanua. Kwa sababu hiyo huchaguliwa lami laini kuliko ile ya nchi za joto, na kila kiangazi mafundi hupita wakisafisha nyufa na kuzijaza. Ukiwaacha mwaka mmoja wasipite, gharama ya mwaka wa pili si mara mbili, ni zaidi.

Kiwanja cha Iqaluit kinatupa mfano ulio wazi. Njia yake, yenye urefu unaozidi mita 2,600, ilikuwa imebonyea na kupasuka mahali kadha wa kadha, na kila ilipozibwa ilirudi kubonyea palepale. Kabla ya ukarabati mkubwa wa muongo uliopita, watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval pamoja na wataalamu wa serikali walichukua picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, zikiwamo za mwaka 1948, wakazilinganisha na madhara ya leo. Picha zilionyesha vijito na mabonde yaliyokuwapo kabla eneo halijafukiwa na kupanuliwa. Madhara mengi yalifuata njia zilezile. Vijito vilifukiwa kwa kifusi, lakini maji hayakuacha kuijua njia yake, na kabari za barafu zilikuwa bado zimelala chini ya lami. Tangu hapo mhandisi alijua wapi achimbe, wapi aweke mfereji, na wapi asipoteze fedha kwa viraka. Binafsi naona huu ndio ufundi hasa, kuuliza ardhi ilikuwa nini kabla hujailazimisha iwe kitu kingine.

Mkataba wa ukarabati ule ulitiwa saini mwaka 2013, kwa gharama ya takriban dola milioni 300 za Kanada, na jengo jipya la abiria likafunguliwa mwaka 2017. Chini ya jengo hilo yalilazwa mabomba yenye gesi ya kaboni dioksidi iliyofungiwa ndani. Wakati wa baridi, joto la ardhini huigeuza hewa ile iliyo kimiminika kuwa mvuke, ukapanda hadi sehemu iliyo nje penye baridi kali, ukapoa na kutiririka tena chini. Bomba halina injini wala umeme, na kwa kila mzunguko hunyofoa joto kidogo kutoka ardhini. Jambo jingine la kutazamwa ni kwamba kampuni zilizojenga zilifungwa na mkataba huohuo kuutunza uwanja kwa miaka 30. Anayejua kwamba ufa utakaotokea utakuwa wake, hushindilia kwa bidii nyingine.

Kutandaza lami huko kwenyewe ni mbio. Lami ya moto hutoka mtamboni ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 140, na lazima ishindiliwe kabla haijapoa. Upepo wa Aktiki huipoza upesi, kwa hiyo kazi yenyewe imebanwa katika wiki chache za Julai na Agosti. Mtambo wa kuchanganyia, lami ghafi na vipuri vyote lazima viwe vimefika kwa meli, aghalabu ya mwaka uliotangulia. Wala kiwanja hakifungwi, maana hakuna kingine. Mafundi hufanya kazi baina ya ndege na ndege, na simu ya mgonjwa ikipigwa husogeza mitambo yao pembeni.

Inuvik

Magharibi zaidi, karibu na delta ya mto Mackenzie, uko mji wa Inuvik. Waislamu wengi duniani waliusikia mwaka 2010, pale jengo la msikiti lilipotengenezwa Winnipeg likasafirishwa kiasi cha kilomita 4,000, kwa lori hadi Hay River, kisha juu ya tishari likashuka na mto, likiwahi tishari la mwisho la msimu. Lingalichelewa kidogo, waumini wangaliswali mwaka mwingine katika chumba chao kidogo. Inuvik ina barabara, lakini hukatika kila mwaka wakati mito inapoganda na inapoyeyuka, kwa kuwa vivuko haviwezi kupita na barafu bado haijawa imara kubeba gari. Wiki hizo mji mzima hurudi kutegemea kiwanja cha ndege.

Kiwanja hicho kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na watu waliokuwa na hadhari kubwa. Hawakukwangua majani na kuvu za ardhini, kwa sababu ndizo zinazokinga barafu isipate joto. Walimwaga juu yake tuta nene la mawe, lenye kina cha mita kadhaa, wakaliacha litulie. Lami haikuwekwa hadi mwaka 1969. Zaidi ya miaka 10 ya kungoja! Na tuta lile limekuwa likitajwa katika vitabu vya uhandisi kwa namna lilivyostahimili. Hata hivyo ujoto wa miaka ya karibuni haukuliacha salama, nalo limehitaji marekebisho. Mwaka 2019 serikali ya Kanada ilitangaza dola milioni 150 za kurefusha njia hiyo kutoka futi 6,000 hadi futi 9,000. Sababu iliyotangulizwa ni ulinzi, ili ndege kubwa za jeshi ziweze kutua.

Zipo hila nyingine zilizojaribiwa. Kambi ya Marekani iliyoko Pituffik, kaskazini-magharibi mwa Greenland, imekuwa ikiipaka njia yake rangi nyeupe ili ilirudishe jua. Katika kijiji cha Tasiujaq, kaskazini mwa jimbo la Quebec, Chuo Kikuu cha Laval kiligeuza sehemu ya tuta la kiwanja kuwa mahali pa majaribio mwaka 2007. Kipande kimoja kilifunikwa kwa mawe makubwa ili hewa baridi izame baina yake na hewa ya joto ipande. Cha pili kiliwekewa tabaka la plastiki lenye mifereji ya kupitisha hewa. Na cha tatu kiliinamishwa kwa mteremko wa taratibu, ili theluji ipeperuke isirundikane. Mteremko ndio ulio rahisi kueleweka na hauhitaji kiwanda, ila unakula kifusi kingi na nafasi pana, na si kila kijiji kilichobanwa baina ya mlima na bahari kina nafasi hiyo. Pangnirtung, kwa mfano, njia ya ndege imepita katikati ya kijiji chenyewe.

Nani alipe

Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kanada alitoa ripoti juu ya viwanja 117 vya mbali vya kaskazini. Alieleza mahitaji yanayojulikana, kama vile nyuso za njia, taa na habari za hali ya hewa, na akasema kwamba wizara ya uchukuzi haikushika uongozi katika kuyatafutia ufumbuzi. Kulikuwa na mfuko wa kusaidia viwanja vidogo, ulioanzishwa mwaka 1995 kwa dola milioni 38 kwa mwaka, nazo zigawanywe nchi nzima. Tena ili kiwanja kistahiki lazima kiwe na safari za ratiba na abiria wasiopungua 1,000 kwa mwaka. Gharama ya kukarabati Iqaluit peke yake, kama tulivyoona, ni karibu mara nane ya fungu hilo la mwaka mzima.

Sisi tunaokaa katika kamati za misikiti jambo hili tunalielewa bila ya kufasiriwa. Tangaza mchango wa kujenga mnara, utajaa kabla ya Isha. Tangaza mchango wa kubadilisha mifereji ya paa, utasomwa matangazo manne ya Ijumaa. Kujenga kuna ufunguzi, mgeni rasmi na jiwe la msingi. Kuziba nyufa hakuna mgeni rasmi. Serikali za nchi tajiri nazo, nadhani, zina tabia hiyohiyo, na ndipo inapofaa wananchi wawe wepesi wa kuuliza bajeti ya matunzo kabla ya kupiga makofi kwenye utepe.

Wakati fedha zikijadiliwa mijini, kazi ya kila siku haingoji. Theluji ikianguka usiku, mtu wa kiwanja huamka kabla ya watu wengine. Chumvi ya barabarani haiwezi kutumika, kwa vile inakula bati la ndege, na katika baridi ile haiyeyushi kitu. Juu ya changarawe hawezi kukwangua hadi chini, kwani angeondoka na njia yenyewe. Huacha tabaka jembamba la theluji na kulishindilia. Kisha huendesha gari kwa mwendo uliopangwa, akafunga breki, na kifaa kilicho ndani ya gari kikapima linavyoteleza. Hufanya hivyo mara kadhaa kwa urefu wa njia. Huangalia taa moja moja, huwafukuza mbwa, na hutazama kama pana dubu. Hesabu anazozipata humpa mhudumu wa redio, mara nyingi kijana wa kijiji hichohicho, naye huzisoma hewani. Rubani aliye bado mamia ya kilomita kusini huzisikia tarakimu hizo, akapiga hesabu ya uzito wake na mafuta yaliyobaki, akaamua kama aendelee au ageuze.